Ofisi Iliyogeuka Sebule

"Mume wangu kakaimu mpaka wanangu wanadhani Kaimu ndilo jina alilopewa na bibi yake," alisema jirani yangu wa kushoto, mikono kiunoni.

"Basi mwiteni jina lingine," alijibu jirani yangu wa kulia, huku akianika shuka. "Kazi imempata mwenyewe."

"Imempata mwenyewe, au imempata mke wa mwenyewe?"

Hapo, ndugu zangu, niliacha kushona. Nyumba yangu iko katikati ya nyumba hizo mbili kama ulimi kati ya meno, na cherehani yangu naiweka barazani makusudi, maana nguo haikatiki vizuri bila maneno. Asubuhi ile ilikuwa imeanza kwa amani. Watoto wamekwenda shule, mtaa umefagiliwa, redio zinaimba kwa sauti ya chini. Kumbe wenzangu walikuwa wameamka na lao.

Niwaeleze mnifuate vizuri. Mume wa jirani wa kushoto alifanya kazi idara ya matengenezo katika hospitali yetu ya umma. Mkuu wa idara alipostaafu, yeye aliambiwa akaimu kwa muda. Muda ukazaa muda, muda ukazaa wajukuu, mtaa mzima ukamwita Kaimu. Jirani wa kulia, yeye mumewe ndiye aliyekuwa mkuu wa utumishi hospitalini hapo. Tulimwita Saini, kwa sababu hapakuwa na mfagizi wala daktari aliyeajiriwa au kupandishwa cheo pasipo kalamu yake kugusa karatasi. Sasa cheo alichokuwa akikishikilia Kaimu kilikuwa kimetangazwa, watu wameitwa kwenye usaili, na aliyeshinda ni mke wa Saini, ambaye mpaka juzi alikuwa stoo ya vifaa vya ofisini akigawa kalamu na karatasi.

"Wivu ni kidonda, shoga," alisema mke wa Saini. "Ukishiriki utakonda."

"Mimi sikondi. Litakalokonda ni hilo jengo, ukiliangalia wewe."

Mke wa Saini aliitupa shuka kwenye kamba. "Nisikilizeni wote, na wewe fundi wa nguo unayejifanya huna masikio. Kuanzia leo, asionekane mtu wa nyumba yangu akizungumza na nyumba hiyo. Si mwanangu, si mkwe wangu, si mgeni wangu."

Akaingia ndani. Nasi tukacheka kidogo, tukajua ni ugomvi wa kamba za nguo, utaisha. Haukuisha, na ndiyo maana nawasimulia.

Jioni yake Kaimu alikuja kuchukua suruali yake. Mtu mpole yule, hata akilalamika unadhani anakusalimu.

"Usaili ulikuwaje?" nilimuuliza.

"Ulikwenda vizuri. Waliokuwa wanauliza ni mdogo wake Saini na binamu yake. Zamu ya mkewe ilipofika, Saini akatoka nje ili haki itendeke."

"Ikatendeka?"

"Tulikaa naye kwenye benchi huko nje, tunawasikia wanavyocheka ndani. Wakamwuliza, 'Shemeji, nyumbani hawajambo?' Akasema hawajambo. Kisha Saini akaingia kumpongeza."

"Na wewe walikuuliza nini?"

"Waliniuliza kama nimechoka."

Wiki iliyofuata Kaimu alihamishiwa chumba cha kufulia nguo za wagonjwa, akaambiwa akabidhi funguo zote za matengenezo. Akazikabidhi.

Msidhani mke wa Saini alikuwa wa kwanza. Alikuwa wa mwisho kupanda tu, gari lilikwishajaa. Masijala kulikuwa na shangazi, dirisha la dawa mpwa, mapokezi mtoto wa kaka, getini mjomba. Ukipita kwenye korido ile husikii "afisa" wala "mkuu". Unasikia, "Shikamoo ba'mkubwa." "Marahaba. Faili la mgonjwa liko wapi?" "Sijui ba'mkubwa, labda shangazi kalikalia." Mtaani tuliiita hospitali ile Sebuleni. Ukienda kutibiwa unaambiwa, "Unakwenda Sebuleni? Wasalimie."

Tulidhani ubaya wa jambo hili ni kwamba wengine wananyimwa riziki. Ni kweli wananyimwa. Lakini lipo lingine ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona linakuja.

Saini na mkewe walikuwa na binti mmoja tu, mboni ya jicho, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe, yaani mkwe wao, aliajiriwa hospitalini kuwa fundi wa lifti. Nisiwe mnafiki: kijana yule alikuwa fundi kweli. Chuo amesoma, mikono anayo. Angeingia kwenye usaili wa haki angeipata kazi ile na kutembea kifua mbele. Lakini hakupewa nafasi ya kushinda. Alipewa kazi kama mtu anavyopewa koti la mjomba. Zamani alikuwa akipita kwa Kaimu jioni, wanazungumza mambo ya mashine mpaka mke wa Kaimu anawafukuza. Baada ya lile tangazo la kwenye kamba ya nguo, akawa anapita upande wa pili wa barabara, anasalimia kwa nyusi.

Hospitali ile ina lifti moja, na wodi ya wazazi iko ghorofa ya juu kabisa. Msiniulize nani aliyepanga hivyo. Lifti ikaanza vituko: inasimama chini kidogo ya sakafu, mara juu kidogo, na mara nyingine inateleza watu wakiwa bado wanaingia. Mkwe akaifungua, akaona breki zimekwisha. Fundi yeyote akiona hivyo anajua lifti haifai kupanda hata paka. Akaenda kwa mkuu wake wa idara kutoa taarifa.

Na mkuu wake wa idara ni nani? Mama mkwe.

Haya ninayowaambia sikuyasikia kichochoroni. Uchunguzi ulifanyika ukumbini, milango wazi, nami nilikaa kiti cha mbele kabisa. Kijana aliyarudia mazungumzo yao yote mbele ya watu.

Alisimama mlangoni pa ofisi, macho chini, kama mkwe anavyosimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mkeo anaendeleaje?"

"Vizuri mama, ila miguu inamvimba."

"Mwambie apunguze kutembea. Una neno?"

"Hapana mama. Ni hii lifti tu. Naona kama imechoka kidogo."

"Hata sisi tumechoka, baba. Kesho wageni wa wizara wanakuja, lazima wapande lifti waone vyumba vipya. Wakiondoka tutapumzika wote."

"Sawa mama."

Sawa mama. Maneno mawili, ya adabu, yangefaa sana mezani au msibani. Kijana huyo huyo, kama aliyekaa kwenye kile kiti angekuwa mtu baki, angesema: "Mkuu, breki zimekufa, naizima lifti, kunifukuza utanifukuza baadaye." Lakini mama mkwe haambiwi breki zimekufa. Mama mkwe unamwambia imechoka. Naye aliposikia imechoka, akadhani mkwe wake anaomba ruhusa apumzike.

Kesho yake wageni walifika. Mke wa Saini alikuwa ukumbi wa chini, amevaa gauni jipya nililomshonea mwenyewe, ametabasamu mpaka mashavu yanamuuma. Akamwona binti yake amekuja kliniki, anaanza kupanda ngazi huku ameshika kiuno.

"Unapanda ngazi na tumbo hilo? Lifti si hii?"

"Mume wangu kaniambia nipande ngazi, mama."

"Kwa nini?"

"Hakusema. Kasema tu nisipande lifti."

Mama akawageukia wageni, akacheka. "Wanaume wa siku hizi, hata mazoezi ya mjamzito wanapanga wao." Akamshika binti mkono, akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka. "Pita mwanangu."

Binti akaweka mguu mmoja ndani. Wa pili ulikuwa bado sakafuni. Lifti ikaondoka mlango ukiwa wazi.

Sitawaeleza nilichoelezwa. Wageni wale, watu wazima wenye vyeo, wawili walikaa chini sakafuni. Kaimu alisikia ukelele akiwa chumba cha kufulia, akaja mbio na wanawake wa huko wakiwa na maji mpaka viwikoni. Alikata umeme, wakasaidiana kumtoa, wakambeba kwa shuka walizokuwa wakizifua. Mkwe alifika wakati wanampandisha ngazi. Akasimama pale pale akisema, "Nilimwambia. Nilimwambia." Hakuna aliyejua anamsema nani.

Mtoto alizaliwa alasiri hiyo, mzima, analia kwa nguvu. Mguu wa mama yake ulikatwa chini ya goti.

Wizara ikaunda kamati ya uchunguzi. Hata mimi, mnayenijua, nilifunga cherehani nikaenda kusikiliza.

Siku ya uchunguzi mwenyekiti alimwuliza kijana, "Ulijua breki zimekwisha?"

"Nilijua."

"Ukamwambia mkuu wako?"

"Nilimwambia imechoka."

"Imechoka ndiyo imekwisha breki?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa kwa nini hukusema hivyo?"

Kijana akamtazama mke wa Saini, akainamisha kichwa. "Ni mama mkwe, mzee."

"Ungeizima mwenyewe."

"Kuizima mbele ya wageni ni kumvua nguo hadharani. Nilimkataza mke wangu. Nilidhani nikimkataza mke wangu nimemaliza."

Kisha mke wa Saini akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea peke yake, "Ungenitukana, baba. Ungenitukana tu."

Mama mmoja nyuma yangu alianza kulia. Nami nikajikuta nimeshika mdomo, kwa sababu wengine wote waliopanda lifti ile tangu kijana aone breki zimekwisha, wagonjwa, wauguzi, mama zetu, walipanda kwa sababu hakuna aliyewakataza. Hawakuwa wake za mtu.

Saini aliondolewa, mkewe akaondolewa, mkwe akaondolewa, na ukoo mzima ukafuata. Wapo miongoni mwao waliokuwa wanaijua kazi sawasawa, lakini nani angewachambua? Mchele na mawe vilikwishamwagwa chungu kimoja. Mkwe alimchukua mkewe na mtoto wakahamia kwa wazazi wake. Nyumba ya kulia, iliyokuwa haikauki wageni, ikakauka. Wale waliokuwa wakija kusema "mjomba, nikumbuke" wamegundua kumbe hakuwa mjomba wao sana.

Kazi ya ukuu wa matengenezo ilitangazwa upya. Kaimu aliomba. Alirudi amelowa jasho.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Watu wale hata mmoja simjui. Wameniuliza habari za mitambo mpaka nikaomba maji. Unajua, hii ndiyo mara ya kwanza kuulizwa kuhusu kazi."

Aliipata. Siku hizi tunajaribu kumwita Mkuu, lakini ulimi unateleza.

FUNZO

Ndugu zangu, cheo cha umma si mali ya ukoo. Ukimpa nduguyo kiti ambacho hakukishindania, umemnyima haki aliyestahili, na hilo peke yake ni dhuluma. Lakini pia umeweka heshima ya nyumbani mahali panapotakiwa ukweli. Mpwa hawezi kumwambia mjomba amekosea. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe lifti imekufa. Mkuu hawezi kumwonya shemeji yake halafu wakakutana harusini. Hapo ofisi inakuwa na adabu nyingi na usalama hakuna, na atakayelipa ni mgonjwa asiyemjua hata mmoja wenu.

Nafasi itangazwe, waulizaji wasiwe jamaa wa waulizwa, na kupanda cheo kufuate kazi iliyoonekana. Kukaimu kuwe na mwisho. Na kama mwanao ni fundi kweli, mpende kiasi cha kumwacha apange foleni na wenzake. Abebwaye hujikaza, walisema wazee. Lakini aliyebebwa, ndugu zangu, hana mdomo wa kumwambia aliyembeba kwamba mbele kuna shimo.

Jana mchana nilikuwa barazani kama kawaida. Mke wa Saini alitoka hospitalini kufuata dawa za kumpelekea binti yake, kwa miguu, jua kali. Alipofika kwake hakuingia. Alisimama tu langoni kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Mke wa Kaimu alimwona kutoka jikoni. Nikasema moyoni, leo yatasemwa, nikaacha kushona.

Akatoka na birika la maji ya kunawa, akasimama mlangoni mwake.

"Jirani."

Mwenzake akageuka.

"Hasira zangu bado ninazo, sikufichi. Lakini chakula kimeiva, na huko kwako najua hakuna aliyepika. Ingia ule."