Siku Dawa ya Maji Ilipowaka Moto

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, mimi na Emmaculate tulitia dawa kwenye pipa la maji la shule yetu pale Karungu, kando ya ziwa. Mwaka ule mvua ya El Niño ilikuwa imejaza vyoo hadi vikafurika, uchafu ukaingia ziwani, na kipindupindu kikaanza kupita nyumba hadi nyumba. Sista Damaris wa zahanati alituletea ndoo ndogo ya unga wa klorini, ule unaokwangua pua ukifungua tu mfuniko. Emmaculate alipewa kijiko, mimi nikapewa ufunguo wa stoo. Jinsi nilivyoutembeza ufunguo ule shingoni, ungedhani mimi ndiye mwalimu mkuu!

"Kijiko kiwe cha plastiki, tena kikavu," Sista alituambia siku ya kwanza. "Unga mnautia kwenye maji, msiumwagie unga maji. Msiushike kwa mkono mtupu. Na ukae humu humu kwenye ndoo yake, mbali na mafuta ya aina yoyote na mbali na limau. Mmesikia?"

"Ndiyo, Sista."

Kusikia nilisikia, lakini kwa sikio moja. Lile lingine lilikuwa kwenye blauzi yangu.

Wazazi wangu ni Waadventista waliotoka Kisii kuja Karungu kuuza ndizi. Sabato iliyokuwa inakuja, kwaya ya watoto ingeimba mbele ya wageni kutoka Homa Bay, na sare yetu ilikuwa nyeupe. Blauzi yangu, kwa kufuliwa na maji ya ziwa kila wiki, ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Siku ya mazoezi, msichana mmoja anayeitwa Valentine aliniuliza kwa sauti, "Nyanchoka, hiyo blauzi uliianika juu ya jiko?" Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka nao, lakini moyoni niliumia. Basi nikakumbuka kwamba siku moja maji ya dawa yaliirukia sketi ya Emmaculate yakaacha doa jeupe pe! Nikajiambia, kumbe dawa ya blauzi ninayo, na ufunguo ninao mwenyewe.

Alhamisi, Emmaculate alipokuwa akikoroga maji kwenye pipa, nilirudi stoo haraka nikiwa na kikopo changu cha glisirini. Shuleni kwetu msichana mwenye miguu mikavu alikuwa hana pa kuificha, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kikopo chake. Changu kilikuwa kimekwisha. Sikukiosha, maana nyumbani kwetu kutupa mafuta ni kama kutupa chakula. Nilikikwangua kwa kidole, nikajipaka miguuni mpaka ikang'aa, nikaona kikopo ni kitupu. Kumbe chini na pembeni ulibaki utelezi. Nikatia vijiko vitatu vya unga, nikafunga, nikakificha ndani ya katoni ya vitabu vikuukuu. Nilipanga kukichukua saa kumi.

Gwaride halijafika nusu tukasikia "pu!" kutoka stoo. Moshi ukatoka chini ya mlango, harufu yake inakaba koo. Mwalimu Ombati alikimbia, akaipiga katoni kwa gunia, akaifunika na kuikanyaga. Wapi! Moto uliendelea kuwaka chini ya gunia kana kwamba hajaugusa.

"Maji! Leteni maji mengi!" akapiga kelele.

Tulimimina ndoo baada ya ndoo mpaka ukazimika. Ndoo ya dawa ilikuwa juu ya rafu ya upande wa pili, na kwa bahati moto haukuifikia. Mwalimu alitoka anakohoa, machozi yanamtiririka. Vitabu vilikuwa majivu, na kikopo changu kilikuwa kimeyeyuka hata mwenyewe nisingekitambua.

"Nyanchoka, ufunguo unao wewe. Mliacha nini humu?"

"Sijui, Mwalimu. Tulichota dawa tukafunga mlango."

Uongo ule ulitoka laini, haukukwama popote. Emmaculate alinitazama. Alijua kwamba nilirudi stoo peke yangu, lakini alikuwa rafiki yangu, akanyamaza.

Kufika saa sita habari ilikuwa imeenea hadi ufuoni, kwenye vichanja vya kuanikia omena, wale samaki wadogo wa ziwani. Dawa ya serikali imewaka yenyewe! Wazazi wakaja shuleni, na mbele yao alikuwa mama yake Emmaculate, muuza omena ambaye kila mtu alimwita Nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, kwa sababu alizaliwa kisiwani kule.

"Yawa, Mwalimu!" alisema. "Kitu kinachochoma katoni kikiwa kimekaa tu, kikiingia kwenye tumbo la mtoto kitafanya nini?"

Sista Damaris aliitwa, akachutama, akayageuza majivu kwa kijiti.

"Dawa hii haiwaki hivi hivi," alisema. "Kuna kitu iligusana nacho. Nani anajua?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Niliinamisha kichwa nikaiona miguu yangu inavyong'aa kwenye jua la mchana. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, lakini mdomo sikuufungua. Nyar Rusinga akalishika pipa kwa mikono miwili, akalipindua, maji yote yakamwagika uwanjani. Tangu siku hiyo watoto wakaambiwa wanywe maji ya nyumbani, na maji ya nyumbani yalikuwa ya ziwa.

Sabato niliimba na blauzi ile ile ya rangi ya chai. Wageni walitupigia makofi, wala hakuna aliyeniangalia mara mbili.

Jumatatu Emmaculate hakuja shuleni.

Nilimkuta zahanati, amelala kwenye kitanda cha kamba, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Dripu ilikuwa ikidondoka kwenye mkono wake. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, ameishika miguu ya binti yake kama mtu anayeogopa ataibiwa.

"Maji ya ziwa," Sista Damaris alinieleza. "Hii ni chupa ya tano tangu jana. Sasa amepata nafuu. Jana usiku sikujua kama tutafika asubuhi."

Emmaculate alifumbua macho, akaniona, akajaribu kutabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonimaliza. Nilipiga magoti pale pale.

"Sista, ni mimi," nikasema. "Niliiba dawa. Niliitia kwenye kikopo cha glisirini nikakificha kwenye katoni. Nilitaka blauzi iwe nyeupe."

Nyar Rusinga aligeuka polepole.

"Blauzi?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nimemwaga maji safi, mtoto wangu akanywa ya ziwa, kwa sababu ya blauzi?"

Heri angenipiga kofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sista aliniinua, akanikalisha kwenye benchi. "Sikiliza vizuri," alisema. "Unga ule wenyewe si kuni. Lakini ndani yake umebeba hewa inayolisha moto. Ukikutana na mafuta kama glisirini, unajipasha joto mpaka unawaka. Ndiyo maana gunia la Mwalimu halikusaidia kitu, moto ulikuwa na hewa yake. Na kama ungeutia limau, ungetoa moshi wa sumu, pengine leo tungekuwa tunakuzika. Kwenye pipa tunatia kidogo sana, na ndani ya maji mengi kiasi hicho kinaua vijidudu bila kumdhuru mtu."

"Nisamehe, Sista."

"Kesho utawaambia wazazi wote. Nikisema mimi, watasema najitetea kwa sababu dawa niliileta mwenyewe. Wewe watakuamini, kwa maana hakuna mtu anayejiaibisha bure."

Usiku ule nilimweleza baba. Hakunifokea. Alizima redio, akaingia kulala, nami nikaona ni afadhali angefoka.

Jumanne wazazi walijaa uwanjani. Pipa lilikuwa limejazwa upya na Sista alikuwa ametia dawa mbele ya macho yao. Nilisimama kando yake, nikasema yote: ufunguo, kikopo, blauzi, na uongo niliomwambia Mwalimu Ombati. Mtu mmoja alisema, "Mwizi!" Wengine walicheka. Valentine alikuwa mstari wa mbele. Baba aliangalia chini muda wote.

Kisha Nyar Rusinga akaja mbele. Nilidhani amekuja kunipiga. Aliinama, akachota kikombe cha maji kwenye pipa, akanywa mpaka mwisho, akajipangusa mdomo kwa kitenge.

"Pipa nililimwaga mimi," aliwaambia watu. "Niliogopa dawa ambayo haikuwa na kosa. Dawa kali ina masharti yake, na anayeyafuata inamlinda. Watoto, mkipewa kitu cha namna hiyo, kiacheni kwenye chombo chake, na mkifundishwa, sikilizeni kwa masikio yote mawili."

Akanigeukia.

"Na wewe, nyathina, mwanangu, kikopo chako kilichoma vitabu. Vitabu vinanunuliwa. Kilichomlaza binti yangu ni zile siku nne ulizokaa kimya. Utakosea tena, kila mtu hukosea. Lakini ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajayanywa makosa yako."

Alichota kikombe cha pili, akanipa. Nilikunywa huku watu wote wananitazama, na machozi yangu yakadondokea humo humo ndani ya maji. Nilipomaliza, Nyar Rusinga alikichukua kikombe mkononi mwangu, akachota tena, akampa mtoto aliyekuwa karibu.