Unga Ndani ya Kompyuta

Haya yalimkuta rafiki yangu Vitalis, fundi kompyuta wa Masasi, enzi zile maduka ya watu binafsi ya kuchapa barua yalipoanza kuchipuka. Aliitwa aende Newala na Mama Julia, mjane aliyeachiwa na mumewe duka na kompyuta isiyowaka.

Vitalis alibonyeza swichi. Feni ikavuma, kompyuta ikalia tii, tii, tii, kioo kikabaki cheusi.

"Nani ameifungua hii, mama?"

"Hakuna, mwanangu. Tangu marehemu atutoke haijaguswa."

Hakumwamini. Alipoifungua alikuta kichuguu kidogo cha unga wa mtama, kama ule wanaoumwaga wazee chini ya mti wakiomba mizimu. Kichuguu kikilala usiku kucha bila kubomoka, ombi limekubaliwa. Kuna mkono wa mtu hapa, akawaza, akimtazama mama kwa jicho la pembeni. Akaukung'utia unga wote uani.

"Mwenye unga wake na auzoe!"

Mama Julia akaziba mdomo kwa khanga.

Kompyuta iligoma bado. Vitalis akakaza skrubu zote, akaipakata kwenye pikapu hadi Masasi, wakirushwarushwa na makorongo, asiiachie hata mara moja.

Kibandani kwake umeme ulikuwa umekatika. Akafunga mlango kuzuia vumbi, akawasha tochi. Kabla hajagusa skrubu alisikia kitu kikichuruzika humo ndani, polepole, kisha kimya.

Akafungua. Kichuguu kilisimama palepale, ncha yake nzima, na unga wake ulikuwa umechanganyika na mchanga mwekundu wa ua wa Mama Julia.