Nenosiri la Mama Kidoti

Nilikuwepo, tena mlangoni kabisa, nimefuata geti langu ambalo halijaisha mpaka leo. Yaliyompata rafiki yangu mchomeleaji niliyaona yote kwa macho yangu haya mawili.

Mkewe alikuwa kiboko wa kulinda simu. Kila mwezi nenosiri jipya, na mumewe akichungulia anafunika kioo kwa kiganja. "Baba Kidoti, siku utakayolijua, nalibadilisha!" Wanacheka. Kisha mama akafariki, na nyimbo alizojirekodi akimbembeleza binti yao zikabaki zimefungiwa humo. Mtoto alikuwa ameanza kuisahau sauti yake.

Mchomeleaji alijaribu tarehe za kuzaliwa, akajaribu ya harusi, wapi! Jioni moja akaandika jina la utani ambalo mkewe alimpa zamani za uchumba: Bwana Cheche. Simu ikafunguka.

"Kidoti! Njoo umsikie mama!"

Akaiacha mezani, akaenda kumbeba mtoto chumba cha pili. Umeme ukakatika. Gizani wakasikia kidole kikigonga kioo, tik, tik, tik, taratibu, kama cha mtu anayefikiri.

"Mama anaandika," mtoto akanong'ona.

Baba yake alipoishika simu, ilikuwa imejifunga. Akaandika Bwana Cheche. Ikakataa. Akarudia polepole, kwa vidole vyake vyenye makovu ya moto. Inakataa hadi leo, na mtoto ameacha kuuliza.

Haya, kitu kimoja nilikitunga, ili nanyi mpate usingizi. Simu hakuiacha mezani. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na kila kidole kilipogonga, alikihisi kifuani.