Ubavu wa Chungu cha Mercy

Jioni ile nilibakiwa na kazi moja tu kabla ya kufunga ofisi yangu ya uchapaji pale Mbugani: kuchora chungu cha dada yangu Mercy, mfinyanzi. Mtumbwi ulizama naye ziwani na vyungu vyake vyote akitoka kijiji cha Lyulilo, miezi miwili sasa, na mwili haukupatikana. Wengine wanasema hakuzama, alichukuliwa. Jumamosi ingekuwa ibada ya kumuaga, bila kaburi. Mama aliomba fulana zenye chungu cha mwanawe, basi, na angepita kukiona jioni hiyohiyo. Nilikuwa na picha moja tu ya chungu chake, ya simu, yenye ukungu.

Kwenye kazi yangu sina mzaha. Mstari ukipinda vibaya silali. Kwenye kompyuta nikaweka nukta mdomoni mwa chungu, nukta ubavuni, nukta kitakoni, nikavuta hadi mkunjo ukawa laini kama yai.

Nikaachia kipanya.

Ubavu ukabonyea.

"Kompyuta gani hii!" Nikanyoosha. Ukabonyea tena, taratibu, palepale... Halafu harufu. Udongo mbichi. Na nyuma ya kiti changu, kwaru... kwaru... kama mtu anasugua chungu kwa kokoto.

Nilikuwa peke yangu.

Niliogopa, sikatai. Lakini hasira ilinizidi. Nikaifuta kabisa ile nukta ya ubavuni. Mkunjo ukatulia, hauna dosari. Sauti ikakatika. Harufu nayo.

Mama akaingia. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. Alikikodolea macho kioo cha kompyuta.

"Hiki cha nani?"

"Cha Mercy, mama."

"Mercy alikuwa anaegemeza chungu gotini. Vyote vilibonyea hapa." Akagusa palepale. "Nimemgombeza tangu mdogo, yeye anacheka tu."

Nikamweleza yote. Nikabonyeza kurudisha nyuma, mara moja, mara ishirini. Nukta ilirudi, lakini haikusogea yenyewe tena. Nikaipinda mwenyewe huku na huku... wapi! Ubavu haukufanana na ule.

Mama alipitisha kidole mezani, kando ya kipanya. Kilitoka na udongo. Ulikuwa bado na maji.

"Alikuja mwenyewe, baba," alinong'ona. "Wewe ukamsahihisha."

Nililia kama mtoto. Sikufunga ofisi. Tulikaa tu, mama na mimi, tukinusa hewa.