Jibu la Kwanza

Visafishi mia nne, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi, viliingia nyuma ya sikio la kushoto la Bi Mwanakombo kwa tundu moja la sindano. Vilikuwa vikila usaha ndani ya mfupa na kuacha dawa kila vilipopita. Tanga nzima ilijivunia mashine hizo, na aliyezibuni, Injinia Tatu, alikuwa binti yake wa kumzaa. Tiba ni siku kumi. Siku ya nne vikazimwa, mama akarudishwa nyumbani. Siku ya saba akaletwa amebebwa, shingo imevimba, sikio halisikii kitu.

"Nani kavizima?" Tatu alifoka wodini. "Nauliza, nani? Mnacheza na mama yangu?"

"Si mtu," alijibu Daktari Shemdoe. "Ni muuguzi-sauti, mashine inayowauliza wagonjwa hali. Mgonjwa akisema hajambo asubuhi nne mfululizo, inavizima na kumruhusu."

"Mama anaungua homa, aseme hajambo? Usinitanie!"

Daktari hakubishana. Akawasha rekodi.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo. Hujambo?" iliuliza mashine kwa sauti laini.

"Marahaba. Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu. Ila hili sikio..."

"Asante. Siku njema."

Asubuhi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu pia. Ya nne bibi wa watu alijitahidi kusema haraka haraka, na mashine ikamkata palepale kwenye sijambo.

"Mpumbavu gani kaiambia ichukue jibu la kwanza tu?" Tatu alipiga meza. "Nani huku kwetu anaulizwa hali akaanza na usaha? Hata anayekata roho husema hajambo kwanza, ndipo aeleze!"

"Wewe, Injinia. Ulisema wazee wana maneno mengi, foleni haiendi. Tulikuandikia mara mbili. Na wauguzi waliokuwa wakipita vitandani, mradi wako ndio uliowaondoa."

Tatu aliizima rekodi. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwagiwa.

"Usaha tutautoa kwa kisu," alisema daktari. "Atapona. Kusikia kwa upande ule ndiko hakurudi."

Tatu akamwendea mama yake, akakaa upande wa kulia, wa sikio linalosikia.

"Mama, kwa nini hukupiga kelele?" Hata hapo alikuwa akifoka.

"Nilipiga, mwanangu, kila siku," alisema Bi Mwanakombo. "Mashine yako ilikuwa imeshaniaga."