Maji Kwanza, Mnyororo Baadaye

Kila alfajiri Chiriku aliamka kufanya kazi mbili: kumfunga mbwa mnyororo na kuchota maji. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake, maana aliweza kuzungumza tangu kuamka hadi kulala bila kuchoka. Baba yake, fundi baiskeli, aliwahi kuibiwa vifaa vyake vyote kwenye banda lake la uani. Ndipo akaanza kufuga mbwa mkubwa aliyeitwa Askari, na usiku alimwachia huru uani alinde. Wapangaji wenzao walikubali kwa sharti moja tu, kwamba Askari afungwe kabla watu hawajaanza kutoka nje.

Uani palikuwa na bomba moja la vyumba vyote, na maji yalitoka asubuhi tu, tena kwa muda mfupi. Siku moja Chiriku alisahau kumfunga Askari. Akachota maji peke yake, ndoo zote zikajaa, huku majirani wakimchungulia madirishani na ndoo zao mikononi. Kuwa wa kwanza kukamnogea. Tangu siku hiyo akabadilisha utaratibu: maji kwanza, mnyororo baadaye. Mama yake alikuwa zamu ya usiku hospitalini, na baba, aliyezoea kubweka kwa Askari, alikuwa bado amelala, kwa hiyo hakuna aliyemwona ila majirani.

Askari hakumuuma mtu, lakini alibweka, akawakimbilia watu na kuwasimamia milangoni. Watoto wakaanza kuchelewa shule, na watu wazima wakaenda kazini na nyuso za kupangusa kwa kitambaa. Walipolalamika, Chiriku aliwajibu kwa wepesi wake wa siku zote kwamba hiyo ni amri ya baba. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, aliyerudi jioni amekunja uso kwa uchovu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wakabaki kumnunia, na yeye akashangaa kwa nini salamu zake haziitikiwi.

Asubuhi moja Bibi, mama mzazi wa mshonaji wa chumba cha pili, aliona maji yanakaribia kukatika. Akajikaza, akatoka na ndoo yake. Askari alimkimbilia akibweka, Bibi akarudi kinyumenyume, akaanguka na kuteguka mkono. Chiriku akamvuta mbwa haraka na kumfunga.

Jioni hiyo mama mwenye nyumba aliwaita wapangaji wote uani. Mshonaji alisema hawezi kukaa tena mahali ambapo mama yake anaogopa kuvuka mlango. Wengine wakamuunga mkono. Mama mwenye nyumba akamwambia fundi kwamba kama mambo yenyewe ni hayo, atafute chumba kwingine.

Fundi alisimama polepole. "Mimi sijawahi kuamuru mbwa aachwe huru watu wakichota maji," alisema. "Kazi ya kumfunga nimempa binti yangu, na ninamwamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Mwanangu, hebu waambie."

Watu wote wakamgeukia Chiriku. Aliutazama mkono wa Bibi uliofungwa bendeji, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, nilikuwa simfungi," alisema hatimaye. "Nilitaka nichote maji wa kwanza. Walipolalamika, nikawaambia ni amri yako."

Uso wa fundi ulimshuka. Hakumkaripia wala kumwinulia mkono. Alivua kofia yake, akaenda mbele ya Bibi na kuomba radhi, kisha akawaomba radhi majirani wote. Chiriku aliona aibu kuliko kama angechapwa. Alimfuata baba yake, akapiga magoti, naye akaomba radhi huku analia.

Mama mwenye nyumba alikubali wabaki, mradi Askari alale amefungwa kando ya banda la vifaa. Chiriku mwenyewe akasema atamchotea Bibi maji mpaka mkono upone, na ndoo zake zitakuwa za mwisho kwenye foleni.

Kesho yake Askari alikuwa kwenye mnyororo. Hata hivyo, Bibi alipofungua mlango alisimama kizingitini, akaangaza kulia na kushoto kwanza. Chiriku alimwona, moyo ukamuuma.

"Amefungwa, Bibi," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, mjukuu wangu. Ni moyo wangu ndio haujajua bado," alijibu Bibi. "Mbwa mmemfunga mara moja, lakini woga uliotutia utachukua muda kutoka. Kuchelewa kupata maji kunavumilika. Ila mtu akiogopa kutoka mlangoni kwake, hapo hana tena nyumba. Ulipewa kazi ya kutulinda, ukaitumia kututisha na ukamsingizia baba yako. Jana ulisema kweli, na nimekusamehe. Sasa tuoneshe kila asubuhi, siyo kwa mdomo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Zamu ya Bibi ilipofika, aliijaza ndoo yake, akaibeba mpaka ndani, kisha akarudi kusimama nyuma ya watu wote.