Motokari Nyekundu ya Naomie

Noeli ilikuwa inakaribia, na duka la Matata la vitu vya kuchezea watoto katika soko la Kindu lilikuwa limefurika. Odette, fundi wa injini za mitumbwi bandarini, alipenya kati ya akina mama, kitambaa cha njano kichwani, mafuta meusi kwenye kucha. Akachukua motokari nyekundu ya kuchezea ya kumpelekea mpwa wake, Naomie.

"Mama, ile ni ya batoto banaume," Matata akamwambia, akionyesha vibao: WAVULANA kushoto, WASICHANA kulia. "Ya binti iko huku. Pupe ya kubeba sawa mutoto, sahani, mufagio."

"Nani alisema?"

"Kibao."

"Na kibao, nani aliandika?"

Matata akacheka bila kutaka. "Mimi."

"Wakati ya vita treni ya kuleta vitu haikukuwa nafika," Odette akasema. "Mimi na bakaka yangu tulitengeneza motokari na mikebe ya sardini. Hakuna mutu aliniambia ni ya banaume. Leo motere ya mutumbwi ikikufa, banaletea mimi. Jina yako nani?"

"Matata."

"Nimeona."

Odette akalipia motokari, wakabadilishana namba za simu. Kila jioni Matata alipiga.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula. Vibao umetoa?"

"Wateja batapotea, mupenzi."

"Batapotea wapi, na Kindu ni hii hii?"

Odette na wanawake wenzake walikuwa wakizunguka madukani kudai vibao vya namna hiyo viondolewe. Jumamosi moja wakasimama mlangoni kwa Matata wakiimba, Odette mbele kabisa. Hakuwa amemwambia Matata. Wanunuzi wakageukia duka la jirani.

Jioni simu ikalia.

"Ulikuja kwangu juu ya mapenzi ao juu ya kampeni?"

"Nilikuja juu ya motokari," Odette akamtania.

Matata akakata. Odette alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Siku zilizofuata Matata aliuza akiwa amenuna. Kisha akaingia mwanajeshi mmoja, mrefu, mpole wa sauti. Akachagua mwanasesere.

"Nifungie katika mufuko ya sashe nyeusi, bajirani basione."

"Ni ya binti yako?"

"Ya kijana yangu. Anapenda kubeba mudogo wake, tena anamubeba vizuri. Lakini kibao yako inasema ni haya kwa kijana."

Mwanajeshi alipotoka, Matata akapanda kwenye kiti akang'oa vibao vyote viwili. Akafunga duka, akateremka bandarini.

Odette alikuwa ameinama ndani ya mtumbwi, mikono yote kwenye injini.

"Vibao nimetoa."

"Juu yangu?"

"Hapana. Juu ya baba mumoja. Lakini huku nimekuja juu yako."

Odette akajifuta mikono polepole. "Nilipaswa kukuambia mbele ya kuja kuimba. Ile nilikosa. Unisamehe."

"Na mimi nilikukatia simu. Odette, nataka kuja kwenu na bajomba yangu, tuongee mahari. Siku gani itafaa?"

Odette akaishika kamba ya injini. "Siku ya Mungu, misa ikiisha. Sasa vuta hii kamba, mwenye mutumbwi anangoja."

Matata akaingia mtumbwini, akavuta mara mbili bure. Mara ya tatu injini ikanguruma, mtumbwi ukaruka, naye akaanguka chali kati ya vikapu vya samaki. Odette akacheka mpaka machozi, akamnyooshea mkono.